Baiskeli haifungiwi stoo kwa sababu ya theluji

Mhariri,

Kila ifikapo Agosti, vijana wetu wanaokwenda kusoma Finland hupewa wosia ule ule na ndugu zao: nunua koti zito, na baiskeli usiiguse mpaka barafu iyeyuke. Wosia wa koti una kasoro. Wa baiskeli haufai kabisa, hasa kwa anayeelekea Oulu, mji wa kaskazini ambako hata watoto wa shule huenda darasani kwa baiskeli katikati ya Januari. Huko ndiko ulikofanyika, mwaka 2013, mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu baiskeli za majira ya baridi.

Oulu ina zaidi ya kilomita 900 za njia za baiskeli na waenda kwa miguu, na penye barabara kubwa mara nyingi njia hupita chini yake. Theluji ikianguka usiku, njia kuu hushughulikiwa kabla watu hawajatoka kwenda kazini. Haikwanguliwi yote, hushindiliwa mpaka iwe ngumu kama sakafu, kisha humwagiwa changarawe. Kwenye nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri, njia hiyo inashika tairi vizuri tu. Siku mbaya ni ya nyuzi sifuri, maana barafu huwa na utando wa maji juu yake, na mpira juu ya barafu yenye maji haushiki kitu. Mgeni huogopa kipimajoto kikishuka, kumbe cha kuogopa ni kikipanda.

Kama fedha inatosha tairi moja tu lenye vijino vya chuma, lifungwe mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza, bado unaweza kuiweka baiskeli sawa. La mbele likiteleza, utajikuta chini. Tairi jipya liendeshwe kwanza kilomita 40 hivi kwenye lami, bila breki za ghafla wala kona kali, ili vijino vikae imara kwenye mpira. Ukiiruka hatua hii vitachomoka mapema. Tena usikimbilie pampu: tairi lililojazwa upepo wa baa 3 (baa ni kipimo cha kani ya upepo) ndani ya nyumba yenye nyuzi 20, likitoka nje kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, hubaki na baa 2.6 hivi bila pancha yoyote. Kwa tairi la upana wa milimita 40 upepo huo unafaa, kwani tairi laini hukanyaga eneo kubwa zaidi la theluji.

Kinachoua baiskeli ni maji, si baridi. Ukiiingiza sebuleni ikiwa na theluji, theluji huyeyuka, maji yakaingia kwenye kava za waya za breki na gia, na ndani ya friwili, ile sehemu ya nyuma inayoliacha gurudumu lizunguke hata usipokanyaga. Ukiitoa kabla haijakauka, maji yale huganda. Mkono wa breki hauvutiki. Au unakanyaga, pedali zinazunguka, cheni inazunguka, na baiskeli imesimama palepale: vile vikucha vya ndani ya friwili vimenata, haviruki kushika meno. Grisi nzito, ile inayofaa joto la Dar es Salaam, huleta ugonjwa huo huo kwa sababu huwa ngumu kwenye baridi kali. Kwa hiyo amua moja: baiskeli ilale kwenye kibanda cha nje majira yote, au ikiingia ndani isitoke mpaka ikauke kabisa. Ikishaganda, usiimwagie maji ya moto, maana nayo yataganda saa ile ile. Iache ndani kwa saa kadhaa, ifute, halafu tia mafuta mepesi. Kufuli nayo itiwe unga wa grafaiti kabla ya majira, si mafuta mazito.

Anayenunua mtumba kule atafute baiskeli ya mjini yenye gia tatu ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na breki ya kukanyaga kinyumenyume. Haipendezi machoni, lakini breki yake imefichwa, theluji haiifikii. Breki za raba zinazobana rimu huwa hazishiki mpaka barafu iliyo kwenye rimu ifutike, basi ziguse mapema kabla ya kufika kwenye kona. Madigadi yaachie nafasi ya vidole viwili juu ya tairi, la sivyo theluji itajazana na kukaba gurudumu. Siti ishushwe kidogo ili mguu ufike chini upesi. Kwenye miji inayonyunyiza chumvi, kama Stockholm na Copenhagen, adui ni kutu: cheni ifutwe na kutiwa mafuta kila wiki.

Sasa koti. Anayeendesha baiskeli huzalisha joto lake mwenyewe. Akivaa koti zito atalowa jasho, na akisimama kwenye taa jasho lile litamgeuka. Ukitoka mlangoni unatakiwa uhisi baridi kidogo kwa dakika tano za kwanza. Fulana ya sufu, sweta jembamba la sufu, na koti jepesi lisilopitisha upepo vinatosha siku nyingi. Pamba isiguse mwili, maana inakunywa jasho na haikauki. Sweta za namna hii zinapatikana kwenye mitumba ya Karume kwa bei ndogo, kwani kwa joto la Dar nani atazivaa? Fedha iliyobaki itumike kwa viganja na uso, maana mwendo wa kilomita 20 kwa saa kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri hufanya ngozi iliyo wazi ihisi kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Glavu zinazoweka vidole pamoja zina joto kuliko za vidole mbalimbali. Viatu viwe vikubwa kwa namba moja ili soksi mbili zisibane damu.

Mwishoni mwa Desemba jua la Oulu hukaa angani kama saa tatu na nusu tu, kwa hiyo taa ya mbele na ya nyuma ni lazima. Betri ya taa ilale ndani, na isichajiwe ikiwa bado imeganda kwa baridi, kwani huharibika moja kwa moja.

Machi na Aprili wengi huvua tairi za vijino mara waonapo lami. Mchana theluji huyeyuka, usiku maji huganda, na asubuhi lami ile ile ina barafu isiyoonekana. Zivuliwe pale tu usiku nao utakapoacha kugandisha.

Mpanda baiskeli,
Oulu, Finland