Nyumba ya makazi ikigeuzwa ya huduma, majirani waulizwe

Mhariri,

Ninaandika kuhusu nyumba za makazi zinazogeuzwa vituo vya huduma ya kidini kwa wanafunzi, hasa hapa Kahawa Sukari, jirani na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Siipingi kazi hiyo. Nimewaona vijana wakiingia na Biblia kwapani na mama mwenye nyumba akiwapakulia githeri. Kwa mtoto aliye mbali na kwao, sahani hiyo si jambo dogo.

Lakini sebule iliyojengwa kwa watu sita haiwezi kupokea sitini. Ijumaa ya mkesha, vipaza sauti vikifunguliwa, madirisha ya chumba cha wanangu hutetema hadi alfajiri. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka anayeomba kibali kuutangazia umma, na inawapa wananchi nafasi ya kuwasilisha pingamizi. Kaunti ihakikishe tangazo linabandikwa langoni, kwa Kiswahili, na majirani wanasikizwa kabla ya uamuzi. Kibali kikitolewa, kitaje idadi ya watu, saa ya kuzima vipaza sauti na mahali pa kuegesha magari.

Mkazi,
Kahawa Sukari, Kiambu