Jumamosi: kupima njia za neva

Jambo wandugu. Jumamosi saa tatu asubuhi, Ibanda, chumba kile kile. Kila mmoja alete pamba na vijiti vya meno vipya. Mwenye diapazoni (uma wa chuma wa kupimia mtetemo) ya Hz 128 asiiache nyumbani. Sindano hapana, inatoboa ngozi.

Swali ni moja: njia ya neva inavuka wapi kwenda upande wa pili wa mwili? Nyuzi nyingi za mwendo, karibu 85–90%, zinavuka chini kabisa ya shina la ubongo. Za mtetemo zinapanda upande ule ule wa ugwe wa mgongo (kamba ya neva ndani ya uti wa mgongo), zinavuka zikifika kwenye shina. Za maumivu na joto hazingoji: zinavuka ndani ya ugwe, pingili moja au mbili juu ya zilipoingilia.

Kwa hiyo mtu aliyekatwa nusu ya ugwe, kulia, usawa wa kifua, mguu wa kulia umepooza na hausikii mtetemo. Wa kushoto una nguvu, ila ukiuchoma kwa kijiti anasema ni mguso tu. Tafadhali, pimeni miguu yote miwili!

Mgonjwa afumbe macho, la sivyo anajibu anachokiona. Diapazoni iwekwe kwenye mfupa wa kidole gumba cha mguu, si nyamani, na aseme mtetemo unapokoma.