Kwa nini safari yetu ya Palm Springs haianzii kwenye nyumba za mastaa

Palm Springs ni mji wa jangwani huku California, na karibu kila wiki tunapata ujumbe wa aina hii: "Ndugu, Jumamosi tunataka kwenda Palm Springs. Mtuoneshe nyumba ya yule mwimbaji Sinatra, tupande lile gari la waya la kwenda mlimani, jioni turudi Los Angeles." Tunajibu kwamba hayo yote yamo, ila tutaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, na kituo cha kwanza ni bondeni, kwenye ardhi ya watu wa Cahuilla, wenyeji wa asili wa huko. Hapo maswali huanza, na wengine hukata tamaa kabisa. Tumeona tueleze hapa, ili anayelipia safari ajue analipia nini.

Kwanza ni jua. Tarehe 5 Julai 2024 joto la Palm Springs lilifika nyuzi 51.1 za Selsiasi, kubwa kuliko yote ambayo mji huo umewahi kupima. Wageni wetu wengi wamekulia Mombasa au Dar es Salaam na hudhani joto wanalijua. Joto la pwani linakulowesha, unaona mwenyewe kwamba maji yanakutoka. La jangwani hukausha jasho kabla hujaliona, na kiu unakuja kuigundua kichwa kimeshaanza kugonga. Mwaka wetu wa kwanza tulimwingiza mama mmoja mtu mzima bondeni saa tano asubuhi, mwezi Juni. Tulimrudisha hata nusu ya njia hatujafika, tumemfunika kanga iliyoloweshwa maji. Alhamdulillahi alipata nafuu. Tangu siku hiyo hatuanzi kutembea bondeni baada ya saa tatu, hata mgeni akisisitiza vipi.

Sababu ya pili ina uzito zaidi kwetu. Wenye ardhi ile ni tawi la watu wa Cahuilla linaloitwa Agua Caliente. Jina hilo ni la Kihispania, na maana yake ni maji moto. Wenyewe chemchemi yao huiita Séc-he, maji yachemkayo. Sisi tunazo Majimoto zetu, Kenya na Tanzania, kwa hiyo hatuhitaji kufundishwa kwamba mahali ardhi inapotoa maji ya moto watu hupaheshimu. Chemchemi hiyo iko katikati ya mji. Mwaka 2023 kabila lilifungua hapo nyumba mpya ya kuogea, na pembeni yake makumbusho yao. Ukishajua kwamba mji mzima ulizaliwa na jicho lile la maji, hoteli na mabwawa ya kuogelea unayaona kwa macho mengine.

Bondeni tunaingia Palm Canyon au Tahquitz, kutegemea miguu ya wageni. Palm Canyon ina msitu wa miti ya jangwani, ndugu wa mnazi na mtende lakini si mnazi wala mtende. Majani yake yamekunjuka kama kipepeo cha jikoni, karibu na ya mvumo wetu, na yakikauka hayaanguki, hushuka yakauzunguka mti kama sketi ndefu. Wacahuilla waliezekea nyumba zao majani hayo. Mgeni mmoja kutoka Lamu aliposikia alisema tu, "Makuti." Hatukuwa na la kuongeza.

Tahquitz ndiko kwenye maporomoko ya maji, yenye urefu wa mita 18 hivi, na ndiko kwenye hadithi tunayoombwa kuirudia njiani kurudi. Tahquitz alikuwa mganga wa kwanza, aliyepewa uwezo wake na Mukat, muumba wa viumbe. Uwezo ulikuwa wa kuwafaa watu. Akaugeuza, akawadhuru, mpaka akafukuzwa akaishi peke yake kwenye bonde lile na milima iliyo juu yake. Roho yake bado haijatulia. Usiku huonekana kama mpira wa moto wa kijani ukikata anga, na anayekutana nao vibaya anaweza kuporwa roho. Mlima ukinguruma, wazee husema ni yeye. Ni kweli mlima hunguruma, kwa sababu ufa wa San Jacinto unaopita upande wa pili wa milima hiyo ni miongoni mwa nyufa za matetemeko zenye vurugu zaidi California. Waganga waliogeuka wachawi tunawafahamu kutoka nyumbani, na sijaona mgeni wetu hata mmoja aliyecheka kisa hiki. Tunakisimulia kwa adabu, kwa sababu wenyewe wapo, na sisi tumo ndani ya ardhi yao.

Tukitoka bondeni tunaingia mjini, na hapa nawaomba mnivumilie kidogo. Reli ya Southern Pacific ilipopewa ardhi na serikali, nchi ilikatwa vipande vya maili moja ya mraba kama ubao wa drafti. Namba witiri zikawa za reli, na shufwa nyingi zikawa za kabila kwa amri za mwaka 1876 na 1877. Mpaka leo unaweza kuvuka barabara moja ukatoka ardhi ya kabila ukaingia ya mtu binafsi bila kujua.

Kipande namba 14 kiko katikati kabisa ya mji. Kwa miaka mingi sheria haikuruhusu kabila kukikodisha kwa muda mrefu, kwa hiyo wapangaji walijenga nyumba ndogo ndogo. Wengi walikuwa watu weusi na Wamexico, waliofua, waliopika na waliojenga katika mji ambao haukuwaruhusu kupanga kwingine. Vyola Ortner na wenzake, baraza la kabila lililokuwa la wanawake watupu miaka ya 1950, walipigania mikataba mirefu, na mwaka 1959 miaka 99 ikaruhusiwa. Ardhi ikapanda thamani ghafla. Wapangaji wakafukuzwa, nyumba zikabomolewa na kuchomwa moto, nyingine vyombo vikiwa bado ndani. Mji uliomba radhi rasmi mwaka 2021, na mwaka 2024 ukakubali kulipa dola milioni 5.9. Hapo tunasimama dakika kumi. Baadhi ya wateja wametuambia hawakuja likizo kusikia huzuni. Tunawaelewa, lakini kituo hiki hatukiondoi.

Nyumba za mastaa zinafuata baada ya chakula. Ile ya Sinatra, Twin Palms, ilijengwa 1947. Alitaka jumba la fahari la mtindo wa zamani, na mchoraji wake, E. Stewart Williams, akamshawishi akubali nyumba ya chini, ya vioo, inayofaa jangwa. Nyumba ya Kaufmann aliyoichora Richard Neutra ni ya 1946. Zote ni mali za watu. Tunapita polepole ndani ya gari, hatushuki kuchungulia ukutani, na tafadhali msituombe.

Mimi napenda zaidi nyumba ya udongo ya John McCallum, ya mwaka 1884. Alikuja kumtafutia afya mwanawe, akachimba mfereji wa mawe wa kilomita 30 kuleta maji ya mto Whitewater, akapanda matunda. Kisha ukame ulioanza 1894 ukadumu miaka 11, bustani ikafa. Jirani yake ipo nyumba iliyojengwa 1893 kwa mataruma ya reli. Watoto hupenda kuyahesabu.

Gari la waya tunaliacha la mwisho. Lilifunguliwa 1963, na minara minne kati ya mitano ilijengwa kwa helikopta kwa kuwa barabara haikufika. Kwa dakika kumi hivi unapanda kutoka mita 806 hadi 2,596, sakafu ikikuzungusha taratibu. Juu kuna misonobari na baridi. Beba sweta, hata Agosti.

Kuanzia mapema Julai hadi Septemba mabonde hufunguliwa Ijumaa hadi Jumapili tu, na gari la waya hufungwa kwa muda mwezi Septemba kwa matengenezo, kwa hiyo tuulizeni kabla hamjakata tiketi za ndege. Kila mtu alete lita mbili za maji, kofia na viatu vilivyofungwa, ndala hapana. Tuandikieni idadi ya watoto na umri wa wazee. Wakati wa kwenda, wazee tunawaweka upande wa kulia wa gari, kwa sababu mlima wa San Jacinto utakuwa upande huo mpaka tunaingia mjini.