Kabla ya kununua toleo la juu, tuulize kwanza studio itarekodi nini

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa vijana wiki iliyopita ulikuwa na makala kwa wanaotaka kufungua studio nyumbani. Mengi nimeyakubali. Mablanketi mazito na godoro ukutani yanatosha kuanzia, na maiki moja nzuri inazishinda tatu za ovyo. Ila alipofika kwenye programu ya kurekodia, mwandishi alimaliza kwa mstari mmoja tu: kijana aweke toleo la juu kabisa, asije akakwama mbele ya safari. Hapo naomba nipinge, tena kwa kirefu, maana mstari huo unamtoa kijana fedha asizokuwa nazo, au unampeleka moja kwa moja kwa yule bwana wa dukani mwenye flashi iliyojaa programu zilizochakachuliwa.

Nilikuwa fundi mitambo redioni hadi nilipostaafu. Sasa nina chumba hapa Makorora, kompyuta mpakato iliyotumika, saundi kadi ya nje yenye matundu mawili ya maiki, na wateja wa kila namna: kwaya, madrasa na kaswida zao, vijana wa singeli na bongo fleva, na wazee wachache wa taarabu ambao bado wanataka kusikia akodiani ya kweli, si ile ya kubonyeza kwenye kinanda.

Programu hizi nyingi huuzwa kwa madaraja. Jina ni moja na sura kwenye kioo ni ileile, lakini daraja la chini linakuwa limefungiwa baadhi ya mambo. Makala yenu imechukulia kwamba madaraja ya chini yote yanapungukiwa kitu kilekile. Sivyo hata kidogo, na hapo ndipo mnunuzi anapotakiwa kutuliza akili.

Chukua FL Studio ya Image-Line, kampuni ya Ubelgiji. Karibu kila kijana anayebisha hodi kwangu anaijua, na wakubwa wao waliijua tangu ikiitwa FruityLoops. Daraja lake la kwanza, Fruity, lina kila cha kupangia ngoma, besi na vinanda, na biti, yaani muziki wa wimbo bila mwimbaji, inatoka safi. Lakini halirekodi sauti. Huchomeki maiki ukaimbisha mtu, wala huwezi kuiweka sauti iliyorekodiwa kwingine ikakaa kwenye mpangilio wa wimbo. Kwa anayeuza biti tupu hilo si tatizo. Kwa mwenye studio ya kuimbisha, amenunua redio isiyo na spika. Huyo anahitaji daraja la Producer, na akishafika Producer hana sababu ya kukimbilia juu zaidi. Madaraja ya Signature na lile la plagini zote (plagini ni programu ndogo zinazofanya kazi ndani ya ile kubwa) yanaongeza ala na vikorombwezo. Kurekodi ni kulekule. Tena Image-Line wana utaratibu mzuri: ukinunua mara moja, matoleo mapya unapata bure siku zote, na ukitaka kupanda daraja unalipa tofauti tu. Sasa huko kukwama anakokuogopa mwandishi wenu kunatoka wapi?

Kuna na toleo lao la majaribio, ambalo vijana hulidharau. Linafanya kazi zote, linahifadhi mradi, linatoa hadi faili la wimbo uliokamilika. Zuio lake ni kwamba mradi ukishaufunga huwezi kuufungua tena mpaka ulipie. Kwa kujifunza ni halali na linatosha. Kwa kazi ya mteja usithubutu, maana lazima atarudi kesho kusema ubeti wa pili auimbe upya.

Ukienda kwa programu nyingine kama Pro Tools au Ableton Live mambo yanageuka. Pro Tools Intro, lile la bure, linarekodi sauti vizuri tu, ila linakupa traki nane za sauti, yaani nafasi nane za kuweka kila sauti peke yake. Live Lite, daraja la chini la Ableton Live ambalo huja pamoja na saundi kadi kama Focusrite Scarlett, nalo linaishia traki nane. Live Intro ni 16, na ukipanda hadi Standard hakuna kikomo. Kwa hiyo swali la mnunuzi wa huku ni hesabu: wimbo wangu una traki ngapi?

Tuifanye hesabu hiyo kwa kazi zetu. Kijana wa bongo fleva anakuja na biti iliyokwisha, unaiweka kwenye traki moja. Sauti kuu moja, ya kuikazia moja, vionjo viwili, kiitikio mbili. Pamoja na biti, saba. Bado moja ya kuchezea. Huyu Live Lite iliyokuja bure ndani ya boksi inamtosha, na nimeshawarudisha vijana nyumbani na maneno hayo badala ya kuwachukulia pesa. Kwaya ni habari nyingine. Sauti nne, kila moja nairekodi mara mbili ili ijae, nane zimekwisha na kinanda bado hakijaguswa. Taarabu ndiyo kabisa: udi, kanuni, fidla, akodiani, besi, dumbaki, rika, mwimbaji, waitikiaji. Tisa kabla hujarudia chochote, na waimbaji wa taarabu hurudia.

Sisi wa enzi za utepe tulikuwa na dawa yake. Unakusanya sauti nne za kwaya, unazimiksi vizuri, unazitoa kama faili moja, kisha unaendelea na nafasi zilizobaki. Inafanya kazi hadi leo, ila ukishakunja umekunja. Mwalimu wa kwaya akisema sauti ya tatu imezidi, huna pa kuishika, labda uliweka akiba ya mradi wa mwanzo. Mtu mwenye subira anaweza kuishi hivyo mwaka mzima. Wengi hawana.

Kuna jambo ambalo makala haikuligusa kabisa: idadi ya traki si idadi ya maiki. Saundi kadi yangu ina matundu mawili, kwa hiyo hata nikipewa programu ya traki elfu, kwa mpigo mmoja narekodi mbili. Dufu na waitikiaji wa kaswida nawapanga kuzunguka maiki mbili, mwenye sauti kali anasogea nyuma hatua tatu, basi. Anayetaka kila mpigaji awe na maiki yake anunue kwanza saundi kadi ya matundu manane, ndipo aanze kuzungumzia daraja la programu. Nimekutana na vijana waliofanya kinyume chake.

Mimi mwenyewe natumia Reaper. Haina madaraja. Unaishusha nzima, nayo ni nyepesi kiasi kwamba kifurushi kidogo cha intaneti kinatosha. Unaijaribu siku 60 bila kufungiwa kitu. Leseni ni mbili kwa programu ileile: dola 60 kwa mtu binafsi au biashara ambayo mapato yake kwa mwaka hayazidi dola 20,000, na dola 225 kwa waliozidi hapo. Studio za chumbani hapa Tanga zenye mapato hayo sizijui. Dola 60 ni kama laki moja na nusu za kwetu, dola ikipanda nayo inapanda. Ubaya wake nausema wazi: haiji na ala za kujivunia. Kijana wa singeli ukimkalisha mbele yake atauliza ngoma ziko wapi, na ana haki. Kwake FL Studio ni sahihi, na mimi nazipokea biti zake kama faili za sauti za WAV naendelea.

Sasa hao wanaosukumwa kwenye daraja la juu hupewa sababu mbili. Ya kwanza ni maktaba ya ala. Live Suite, kwa mfano, ina vifurushi vya sauti vya makumi ya gigabaiti. Nani wa kuvishusha kwa bando la wiki, na kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti nne itavipakia wapi? Kompyuta dhaifu ikizidiwa, unalazimika kuongeza bafa, ile akiba ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuichakata, nayo hupimwa kwa sampuli, yaani vipande vidogo vya sauti. Kwenye sampuli 128 sauti inachelewa kama milisekunde tatu, mwimbaji hatambui. Ukiifikisha 1,024 inapita milisekunde 20 kwa kuingia tu, na mwimbaji anajisikia kwenye hedifoni kama anajibiwa na mtu wa chumba cha pili. Programu kubwa kwenye mashine ndogo inamharibia mwimbaji mapigo, halafu lawama anapewa yeye.

Sababu ya pili ni kunyoosha sauti, yaani kurekebisha noti ambazo mwimbaji amezikosa. Ndiyo, kwa FL Studio chombo kama NewTone kinaanzia Signature, na wapo wanaopanda kwa ajili hiyo tu. Kwa bongo fleva sina neno. Lakini anayerekodi kaswida au taarabu ajue kwamba vyombo hivi, vikiachwa vifanye vyenyewe, huvuta kila noti kwenye nusu toni iliyo karibu. Maqam, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, kama Rast na Bayati zina noti zinazokaa katikati ya nusu toni hizo kwa makusudi. Nililetewa kaswida iliyopitishwa huko na studio moja ya mjini. Ustadhi alikuwa ameimba Bayati safi. Kilichorudi ni mtoto wa shule akijifunza kinanda. Kama kazi yako kubwa ni hiyo, daraja lenye kunyoosha sauti si faida kwako mpaka ujifunze kunyoosha noti mojamoja kwa mkono na kuziacha zile zisizotaka kuguswa.

Kuhusu za kuchakachua nitakuwa mfupi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda nyimbo, na inashangaza kumsikia msanii akilalamikia wanaouza kazi zake kwenye flashi huku studio aliyorekodia imetoka kwenye flashi ileile. Lakini hata tukiweka sheria pembeni, kazi yenyewe inaumia. Kijana mmoja aliniletea mradi wa Cubase, programu nyingine ya kurekodia, ya zamani iliyochakachuliwa, plagini zote za biti 32 (hiki ni kipimo cha kompyuta, si biti ya wimbo). Cubase tangu ile namba 9 ya mwaka 2016 haizifungui plagini za aina hiyo. Miksi yake ya miezi ilikuja bila mwangwi, bila kompresa ya kusawazisha ukali wa sauti, sauti mbichi. Kilichotuokoa ni kwamba rekodi zenyewe zilikuwepo kwenye folda. Ndiyo maana nawaambia wote, mwenye programu ya bure na mwenye ya mamilioni: kazi ikiisha, toa kila traki kama WAV inayoanzia sifuri, weka kwenye diski ya nje. WAV itafunguka kwenye programu yoyote.

Kwa wanaorekodi mahubiri, matangazo ya biashara au mazungumzo, Audacity ni ya bure na inatosha, nisiwachoshe. Mwenye simu tu aanze na BandLab, na mwenye iPhone tayari ana GarageBand bila malipo.

Ombi langu kwa mwandishi wenu, akiirudia mada hii, ni kwamba atuchapishie kwa kila programu: daraja gani linarekodi sauti na lipi halirekodi, traki ngapi, inahitaji kompyuta yenye kumbukumbu kiasi gani, na bei yake kwa shilingi za wiki hiyo. Na kwa kuwa wengi wetu tunalipia kwa kadi za kimtandao zinazotolewa na kampuni za simu, aongeze na makato yake, kwa sababu bei inayoonekana kwenye kioo siyo inayotoka kwenye salio.

Fundi Sauti,
Makorora, Tanga