Shukrani kwa aliyetutibia maji ya tangi, Lamu
Ewe ndugu uliyekuja na mizani yako ndogo, ahsante sana. Kwa tangi la lita 10,000 ulipima gramu 31 za unga wa klorini wa asilimia 65, yaani miligramu 2 za klorini yenyewe kwa kila lita, ukaukoroga kwanza kwenye ndoo ya plastiki. Hapo ndipo wengi hukosea: ukimwagwa mkavu hutuama chini, maji ya juu yakabaki vilevile. Ukangoja nusu saa, ukapima klorini iliyobaki kwenye maji ya bomba la mwisho: miligramu 0.3 kwa lita, baina ya 0.2 na 0.5 inayotakiwa. Na somo lako la visima vya Shela, kijiji cha hapa kisiwani Lamu, tumelishika: maji matamu hukaa juu ya ya chumvi, pampu ikivuta kwa pupa chumvi hupanda, na klorini haiiondoi. Mola akulipe kheri.