Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2010

Ndugu Wanachama,

Hesabu za fedha zimo katika taarifa ya mhazini, nami sitazirudia. Sehemu kubwa ya kazi ya mwaka huu ilitokana na hatua ya Waziri Mkuu Stephen Harper ya kufunga kikao cha Bunge la Kanada tarehe 30 Desemba 2009, hatua iliyowaweka wabunge nje ya ukumbi hadi tarehe 3 Machi 2010.

Alikuwa ameshafanya hivyo mwaka mmoja nyuma. Tarehe 4 Desemba 2008, zikiwa zimebaki siku nne kabla ya kura ya kutokuwa na imani, alimwendea Gavana Mkuu Michaëlle Jean, mwakilishi wa Malkia nchini Kanada, na kupata ridhaa ya kufunga Bunge hadi mwishoni mwa Januari. Chama chake kilikuwa na viti 143 kati ya 308, ilhali vyama vya upinzani vya Liberal na New Democratic vilikuwa vimekubaliana kuunda serikali kwa kuungwa mkono na chama cha Bloc Québécois, kwa hiyo kura hiyo asingeishinda. Baadhi yenu mlimtetea wakati ule mkisema kwamba nchi ilihitaji utulivu. Sikukubaliana nanyi, kwani anayesubiri kuhukumiwa hapaswi kuwa ndiye anayepanga tarehe ya hukumu.

Mara ya pili hapakuwa hata na hofu ya serikali kuanguka. Mwanadiplomasia Richard Colvin alikuwa ameieleza kamati ya Bunge kwamba alionya kuhusu mateso ya wafungwa ambao askari wa Kanada waliwakabidhi kwa mamlaka za Afghanistan, na tarehe 10 Desemba Bunge liliiamuru serikali itoe nyaraka zote za suala hilo bila kufuta sehemu yoyote. Kikao kilipofungwa, kamati ilikoma kufanya kazi, na miswada zaidi ya 30 ikafa pamoja nayo, ikiwemo ya serikali yenyewe. Tuliambiwa kwamba muda ulihitajika ili kushauriana na wananchi kuhusu uchumi, kana kwamba wabunge hawakuchaguliwa na wananchi hao hao.

Ninawashukuru mliojitokeza katika maandamano ya tarehe 23 Januari ya kupinga kufungwa huko kwa Bunge, licha ya baridi. Tarehe 27 Aprili Spika Peter Milliken aliamua kwamba Bunge lina haki ya kudai nyaraka hizo, uamuzi ambao naona ni muhimu kuliko hotuba zote zilizotolewa mwaka huu.

Hata hivyo, kanuni haijabadilika. Azimio la Bunge la mwezi Machi, linalomtaka Waziri Mkuu apate idhini ya Bunge kabla ya kulifunga kwa zaidi ya siku saba, halina nguvu ya kisheria, na waziri mkuu wa chama chochote anaweza kulipuuza. Kamati Tendaji inapendekeza kwamba mwaka ujao tuwaandikie wabunge wa vyama vyote, tukitaka sharti hilo liwekwe katika sheria, na inaomba ridhaa yenu katika mkutano huu.