Wifi kaniita mwizi kwenye grupu la ukoo, nimshtaki?

Habari zenu jamani, naombeni ushauri, silali.

Mimi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba. Kaka yupo Dar, alinitumia milioni 1.8 ninunue mabati ya mama kule Sengerema. Sitawadanganya, laki 6 niliizungusha kwanza, ilikuwa giza, usiku hauna mbalamwezi, dagaa wamejaa na bei iko chini nikasema nikiuza tu narudisha, kumbe mvua ikapiga siku mbili mfululizo wakiwa bado kwenye chanja, wakawa weusi nikaishia kuwauza kwa watu wa chakula cha kuku. Nikamwambia kaka ukweli WhatsApp akasema sawa mdogo wangu, rudisha kidogo kidogo. Nimesharudisha laki 4, meseji za muamala ninazo.

Sasa wifi kashika simu ya kaka, kapiga skrinshoti chati zetu zote kazimwaga kwenye grupu la ukoo, watu 63, na voisi juu kwamba mimi ni mwizi, hela yote ya mabati nimekula na huku sokoni nadaiwa na kila mtu. Uongo mtupu! Na humo kwenye chati nilimwambia kaka kuwa mume wangu kaondoka, kitu ambacho hata mama alikuwa hajui. Juzi mwenzangu wa kikoba ananiuliza mbele ya wateja eti shemeji karudi? Kopo la kupimia lilinitoka mkononi.

Kijana mmoja jirani anasoma sheria, anasema Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 16 ukisambaza uongo kwa makusudi faini haipungui milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Kuna pia ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ila hana uhakika kama inagusa mambo ya ndani ya familia. Halafu akaniambia kwenye kesi ya kashfa ukweli ni kinga, hapo nikanywea maana ile laki 6 kweli niliigusa.

Na mimi hasira zilinipanda nikamwaga mle mle kwenye grupu habari za mkopo wa wifi wa kausha damu, ile ya riba kubwa. Nimejiharibia?

Mama kasema nikienda polisi nisikanyage kwake. Kaka hapokei simu. Voisi nimeihifadhi. Niende kwa wasaidizi wa kisheria kwanza, nifungue madai, au nimalizie tu ile laki 2 ndo niitishe kikao cha ukoo?

Mama Dagaa, Kirumba